Nguzo Namba Tisini na Sita

Miaka ile, ukitaka kumharibia Mrisho Salumu siku yake, hukuwa na haja ya kumtukana. Ungemuuliza tu, kwa heshima zote, "Fundi, waya unakuja lini?" Basi. Hapo hapo angetafuta kofia yake na kuaga. Na watu wa Busi, Mungu awasamehe, walimuuliza kila walipomtia machoni: mnadani, msibani, hata siku ya Idi alipokwenda kuwasalimu wakwe zake.

Kisa chenyewe si kirefu. Mrisho ni mtoto wa Kondoa mjini, wa wale watu ambao mababu zao walikuja na misafara, wakaonja maji ya chemchemi ya Kondoa, wakabwaga mizigo na wasiondoke tena. Ndugu zake wote walishika duka. Yeye akashika koleo na kamba, akawa fundi wa nyaya za simu, na hakuna aliyempita kwa kupanda nguzo. Mwaka wa tisini ukaja mradi wa kupeleka simu vijijini, genge lake likapewa kipande cha Busi. Nguzo mia moja na kumi na nne! Walizichimbia zote kwa mikono. Ni huko huko, kati ya nguzo ya arobaini na ya hamsini, alikomwona Mwantum, na walipofika nguzo ya mwisho posa ilikuwa imeshapokelewa. Siku ya harusi, kwa furaha na kwa kujidai kidogo, bwana harusi akasimama mbele ya wazee akatamka maneno ambayo yalikuja kumtafuna miaka kumi na miwili.

"Wakwe zangu," alisema, "mahari nimetoa, lakini zawadi yangu hasa ni simu. Kabla ya mvua za mwakani mtazungumza na Dodoma mkiwa hapa hapa Busi."

Waya haukuja. Mvua zikanyesha, zikaisha, zikanyesha nyingine, mradi ukaishiwa, na nguzo zikabaki uchi mstari mmoja bondeni na mlimani. Watu hawakukawia kuzipa jina. Wakaziita miswaki ya Mrisho. Halafu shoka zikaanza kazi: hii ikawa kizingiti, ile ikawa zizi la mbuzi, nyingine nne zikawa daraja la mtoni. Miaka ya kubinafsisha ikaingia, mafundi wa zamani wakapunguzwa makundi kwa makundi, na Mrisho naye akakabidhiwa barua yake ya shukrani. Akahamia Dodoma na mkewe, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Nkuhungu. Mkono wake ulikuwa mzuri kwa baiskeli, riziki ilipatikana, watoto walikwenda shule. Lakini Busi alikuwa haendi mpaka avutwe. Mwantum akisema twende tukamsalimu mama, yeye ana gurudumu la mtu la kumalizia. Mwanaume aliahidi ukweni akashindwa, na aibu ya ukweni haina dawa ya dukani.

Mwaka elfu mbili na mbili simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Dodoma mjini, wabunge na makarani wanatembea nazo kiunoni kama funguo za ghala. Siku moja mwezi wa kumi Landrova ikasimama mbele ya kibanda, akashuka kijana mrefu, mpole, shati limechomekwa. Jina lake Ludovick, mhandisi wa kampuni moja ya simu, ametumwa kutafuta vilima vya kusimika minara mpaka Kondoa na vijiji vyake.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe unazijua njia za Kondoa kuliko ramani."

"Marahaba. Ramani haijawahi kukwama kwenye mchanga, mimi nimekwama," Mrisho akajibu, akafuta mikono.

Wakazunguka siku tisa. Mrisho aliajiriwa kuonesha njia, lakini mdomo haukukaa kimya. Aliuliza hiki, akauliza kile, na Ludovick, kijana asiye na makuu, alimweleza kila kitu. Mawimbi haya ya kutoka mnara hadi mnara, alisema, hayapindi kona. Lazima mnara uuone mnara mwenzake, pasiwe na kilima katikati. Usipouona, hakuna simu, hata ungeujenga ufike mbinguni.

Siku ya tisa, mjini Kondoa, Mrisho akaona ramani imefunguliwa juu ya boneti na Busi imepigwa mstari mwekundu.

"Hapa vipi?"

"Hapa basi, mzee. Juzi ulipobaki mjini, nilipanda kile kilima kirefu cha nyuma ya kijiji, nikapima. Kuna mgongo umekiziba, hakionani na Kondoa. Kesho tunarudi Dodoma, orodha inafungwa. Wakifungua nyingine labda baada ya miaka mitano."

Nyie, Mrisho alihisi kama amepewa tena ile barua ya shukrani. Miaka mitano! Watoto wa Busi wangekua na swali lile lile mdomoni.

"Bwana Ludovick, kilima kirefu si lazima ndicho kinachoona," akasema. "Teremka pale mgongoni, penye nguzo yangu ya tisini na sita. Kuna mwanya kati ya vilima viwili, mwembamba kama mlango. Mwaka wa tisini mstari wangu niliulenga kwenye kilima hiki hiki cha Kondoa. Mvua ilikuwa imenyesha, hewa safi, nikakiona kwa macho yangu."

"Ramani haina mwanya hapo."

"Ramani ilichorwa na mtu aliyepita juu kwa ndege. Mimi nilipita chini kwa miguu."

Ludovick akacheka, kisha akaacha kucheka. Oktoba vumbi limejaa hewani. Kutoka Busi huwezi kuona Kondoa hata kwa darubini, wala redio zao za mkononi hazikufika huko. Ilikuwapo njia moja ya zamani. Mtu mmoja akae Busi na kioo, ashike jua alirushe Kondoa. Mwenzake Kondoa akiuona ule mmemetuko, ajibu kwa kioo chake mara tatu. Mwanga ukipita, na mawimbi yatapita.

"Nakupa kesho, saa tano hadi saa saba mchana," Ludovick akasema. "Saa saba tukiwa hatujaonana, mzee wangu, mimi nawasha gari."

Dereva akampeleka Mrisho jioni ile ile, akageuza. Na njia ya Busi unaijua ilivyo, mashimo matupu. Mrisho alipofungua mfuko, kioo alichopewa na kampuni kilikuwa vipande vinane.

Asubuhi Mrisho akapanda mgongoni pamoja na shemeji yake Hassani, kaka wa Mwantum, mtu mwema lakini ulimi wake haulali. Walikuwa wamebeba kioo cha Hassani cha kunyolea. Mrisho alikuwa hajafika pale tangu nguzo zianze kukatwa, na alijikaza asitazame visiki. Kisiki cha tisini na nne, kisiki cha tisini na tano. Halafu akasimama. Nguzo ya tisini na sita ilikuwa wima vile vile alivyoichimbia, na kibati chake cha namba kimeng'ang'ania kwa misumari miwili.

"Hii mbona mmeisahau?" akauliza kwa uchungu wa kujichekesha.

"Hiyo haikatwi," Hassani akasema. "Kila anayeifuata na shoka hurudi na shoka lake begani. Mambo ya wakubwa, usiniulize mimi."

Mrisho hakuuliza. Alikuwa na kazi. Akasimama kwenye kisiki cha tisini na saba, akafumba jicho moja. Nguzo iliyosimama mbele yake, kisiki cha tisini na tano nyuma ya nguzo: mistari haisahau. Kule ilikoelekea palikuwa na vumbi jeupe tu, lakini alijua kwamba ndani ya vumbi lile upo mwanya, na nyuma ya mwanya ipo Kondoa. Saa tano kamili akaanza kurusha jua.

Saa tano na nusu, kimya. Saa sita kasorobo, kimya. Kidoa cha mwanga kilikuwa kidogo mno, kinacheza juu ya nguzo na kupotea.

"Shemeji, hapa tunacheza," Hassani akasema. "Kioo hiki kinatosha kuona chunusi, siyo kuonwa Kondoa."

"Kuna kikubwa?"

"Busi nzima kipo kimoja. Cha kabati la mama."

"Na kabati liko wapi?"

"Kabati la mtu hukaa wapi? Chumbani kwake."

Mrisho akageuza uso. "Basi hakipo."

Tuelewane hapa. Mama mkwe wa Mrisho, Bi Sabiha, alikuwa mtu wa kushika mila barabara. Katika miaka ile kumi na miwili hakuwahi kukaa mkeka mmoja na mkwewe, hakuwahi kumtazama usoni, na jina lake hakulitamka hata mara moja. Akitaka kumwambia neno alimpa mtu mwingine alifikishe. Mrisho naye alishika adabu yake vizuri. Mlango wa chumba cha mama yule alikuwa hajui hata unafungukia upande gani. Sasa mkwe huyo, aliyeahidi simu akaleta miswaki, atume mtu akang'oe kioo chumbani kwa mama mkwe? Heri Landrova iondoke.

"Mama hajawahi kukusema, shemeji, unajua hilo?" Hassani akasema taratibu. "Kijiji kizima tunakutania, yeye hajafungua mdomo."

"Ndilo linaloniuma zaidi. Usiende, Hassani. Nimekukataza."

"Nani anakwenda? Naenda kuchota maji." Akaondoka bila ndoo.

Mrisho akabaki peke yake na kioo cha kunyolea. Alirusha jua mpaka mkono mmoja ukachoka, akabadili wa pili. Alikuwa na miaka hamsini kasoro miwili, na alijiona mjinga mbele ya ng'ombe waliokuwa wakimtazama. Saa sita na dakika kumi akasikia miguu nyuma yake, akageuka.

Loo! Bi Sabiha alikuwa anapanda mgongo wa kilima na mlango mzima wa kabati kichwani. Siyo kioo. Mlango! Umefungwa kanga mbili, umekalia ngata, na yeye shingo imenyooka kama anakwenda harusini. Hassani anamfuata nyuma, mikono mitupu, maana alikuwa amekatazwa kugusa. Mama akautua, akaufungua kanga, kisha akasimama hatua tano mbali na kumpa Mrisho mgongo kama mila inavyotaka.

"Hassani," akasema, "mwambie shemeji yako kioo hiki hakijaona jua tangu nilipoolewa. Asikivunje."

Mrisho akainamisha macho. "Mwambie mama nimesikia. Mwambie nitakilinda kuliko jicho langu."

"Mwambie jicho lake hatuna shida nalo. Tuna shida na simu."

Hassani, aliyekuwa katikati, alimtazama huyu akamtazama yule, akaona hana la kufikisha kwa sababu limeshafika. Mrisho hakucheka. Alishika mlango ule kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake, akauegemeza kwenye kisiki, Hassani akashika upande wa pili, wakauinamisha polepole. Mwanga ukaanguka chini, mkubwa, mnene, ukatambaa kwenye nyasi, ukapanda nguzo ya tisini na sita mpaka kwenye kibati cha namba. Hapo Mrisho akauachia upite kidogo juu ya kibati, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Wallahi hata mbuzi wa ng'ambo ya bonde walikimbia.

Halafu wingu likaja.

Lilikuwa wingu moja tu, la kijinga, halina hata mvua ndani yake, nalo likakaa juu ya jua robo saa nzima. Bi Sabiha aliketi juu ya kanga zake, mgongo kwa mkwe, uso upande wa Kondoa, wala hakuondoka. Mrisho aliitazama saa yake. Dakika ishirini. Dakika kumi na tano. Aliwaza dereva anavyokunja turubai, Ludovick anavyoingiza ramani kwenye mfuko. Aliomba dua zote alizofundishwa chuoni, na moja ya kwake mwenyewe. Zilipobaki dakika nane jua likachomoza, nao wakauinua mlango kwa pupa, karibu uwaponyoke.

"Taratibu!" Mrisho akapiga kelele. "Juu ya kibati! Kushoto! Rudisha!"

Walikuwa wameinama, jasho machoni, wanatazama nguzo tu. Aliyekuwa ameelekea Kondoa, kwa sababu ya mila zake, ni mtu mmoja.

"Hassani!" Bi Sabiha akasimama. "Hassani, mwambie!"

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie! Kule! We mtoto, mwambie!"

Mrisho akainua kichwa. Ndani ya lile vumbi jeupe, mahali hasa alipopalenga akiwa kijana, kijinyota kikawaka. Kikazimika. Kikawaka tena, kikazimika. Kikawaka mara ya tatu.

Aliwajibu mara tatu, kisha akaulaza mlango chini kwa uangalifu, kioo juu, akaketi kando yake na kulia kama mtoto. Hassani, badala ya kumtania, akaanza kurukaruka na kuuzunguka mlango akipiga vigelegele kama mwanamke. Mrisho alilia kwa fahari, na hakujificha. Nani mwingine? Vipimo vya kampuni vilikataa, ramani ilikataa, na nguzo zake, miswaki ile ile iliyochekwa kila mnada, ndizo zilizoonesha njia. Alipofuta uso, Bi Sabiha alikuwa ameshaanza kuteremka, na mlango wake u kichwani.

Mnara wa Busi ulisimikwa mwaka uliofuata, pale pale mgongoni. Na Mrisho hakurudi kwenye baiskeli moja kwa moja. Ludovick aliporudi Dodoma aliwaambia wakubwa zake, bila kuficha, kwamba amefundishwa kazi na fundi wa Nkuhungu, na tangu hapo kila kilima kilichowatatiza, huku Mpwapwa, kule Manyoni, walikuja kumchukua. Wakampa na simu. Vijana wa kampuni walimwita Mzee wa Kioo, na jina hilo, tofauti na lile la kwanza, alilipenda sana. Mwantum alimkuta mara moja amesimama mbele ya kibanda akiwaeleza wateja watatu jinsi mawimbi yasivyopinda kona, na baiskeli zao zimelala chini zinasubiri.

Alhamisi moja asubuhi, akiwa amechuchumaa anaziba pancha, simu ikalia. Namba hakuijua.

"Haloo?"

Kukawa na kelele za watu wengi, kuku, na mtu anapuliza kwenye simu kama anawasha moto. Kisha sauti ya mwanamke, kubwa, ya kupelekwa mbali: "Hassani, mwambie shemeji yako..."

"Mama," Hassani akasikika kwa nyuma, "yumo humo humo. Mwambie mwenyewe."

Mrisho akasimama. Akavua kofia, akainamisha macho chini, peke yake katikati ya Nkuhungu, gundi ya pancha mkononi.

"Mrisho," ile sauti ikasema.

Miaka kumi na mitatu. "Labeka, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naongea nawe nikiwa Busi."

"Nakusikia, mama. Nakusikia vizuri sana."

"Nimesema nikupigie wewe wa kwanza. Wapo hapa wamepanga foleni, nawajua na shoka zao. Mara tatu walikuja kuikata ile nguzo ya mpakani mwa shamba langu. Nikawaambia, iacheni, mwenyewe hajamaliza kazi."

Mrisho akafuta macho kwa kofia yake. "Sasa imekwisha, mama."

"Haijaisha. Mlango wa kabati langu umeegemea ukuta tangu siku ile. Mimi niling'oa bawaba kwa panga, na Hassani hajui kuzirudisha. Nguo zangu zinaliwa na panya."

"Lakini mama... chumbani kwako..."

"Kabati nimeshalitoa uani," Bi Sabiha akasema. "Njoo na bisibisi."

Mrisho alifunga kibanda saa ile ile, pancha ya mtu ikiwa nusu. Akatia bawaba mbili mpya na bisibisi mfukoni, akamwita Mwantum, wakaenda Busi.